Bahari ya Baba Imefungwa

Labuan Bajo, 20 Mei 2009

Kwako dada Yakomina, mama mkali,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako mbeba mitungi. Mimi mzima, ila jua la huku limenichoma mpaka Baba akiniona atauliza nani kamchoma samaki akamsahau motoni. Hakuna msitu kama kwetu. Ni vilima vikavu na yale mamijusi makubwa yanayokula mbuzi. Wageni wanashuka, wanayapiga picha yamelala, wanarudi botini wakisimuliana jinsi walivyoponea chupuchupu. Yamelala, dada! Hata mkia haujatikisika.

Sasa kaa chini. Kapteni ameniandikisha mtihani wa uongozi wa mbizi, mwezi wa Septemba. Nikipita, sibebi tena mitungi ya hewa ya watu. Nitaongoza mimi, wazungu watanifuata nyuma kama vifaranga. Na nikiwa na cheti hicho narudi nyumbani Yenmaru, wageni wanakuja moja kwa moja kwenye vibanda vyetu bila kupitia meli ya mtu. Si ndiyo kitu Baba anachokiomba kila Jumapili mpaka Mchungaji amechoka kuitikia amina?

Ila kapteni kaniambia wazi: safari hii nikikimbia katikati ya msimu kama nilivyokimbia Mama alipofariki, nisirudi tena. Simlaumu. Nilimwachia meli imejaa watu.

Mwambie Baba kile kikohozi asikichezee. Na umuulize: mwezi wa Oktoba, mkondo wa pale mlango wa bahari kwetu hugeuka lini? Ameniambia mara mia, nimesahau. Asinitukane. Ningepiga simu, lakini huko kwenu mpaka mtu apande mnazi.

Mdogo wako,
Obeth


Yenmaru, 9 Juni 2009

Baba mdogo Mesak, Waisai,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Uliondoka mara tu baada ya mazishi, hatukupata nafasi ya kuzungumza, na nina jambo la kusema.

Wazee walipouliza pale kaburini, "Obeth yuko wapi, mbona mtoto wa kiume hayupo?" mimi nikajibu kwamba wewe umempigia simu, anajua, ila amenyimwa ruhusa. Ukanitazama, ukanyamaza. Asante kwa kunyamaza. Ilikuwa uongo, na wewe umeubeba nami bila kuniuliza, kwa hiyo nina deni la kukueleza.

Obeth hajui. Sijamwandikia. Baba mwenyewe, siku mbili kabla hajakata roho, alinishika mkono akasema, "Mwache mtoto afanye mtihani." Sasa ningewaambia nini wazee? Kwetu hapa kumficha mwana kifo cha baba yake ni aibu kuliko kuiba kanisani. Wangetuma mtu mpaka Labuan Bajo, Obeth angekuja mbio, na kazi ndiyo ingekuwa imekwisha. Nimeona bora wamkasirikie kidogo. Akipata cheti nitamwambia, na kwa wazee nitapiga magoti mwenyewe.

Bahari ya mbele ya nyumba tumeifunga kwa msiba wa Baba kama ulivyoelekeza. Mti umesimikwa ukingoni mwa mwamba, makuti yamefungwa kwa kamba, na shati la Baba la mistari limetundikwa juu. Mwaka mzima hakuna atakayetia hata unyayo. Wale watu wa kampuni waliokuuliza habari za rasi yetu waambie wasubiri. Atakayekata kamba mwaka ukiisha ndiye mwenye neno juu ya bahari ile, na huyo ni Obeth.

Nakuomba sana, mdomo wako uwe kaburi.

Mwanao,
Yakomina


Waisai, 15 Juni 2009

Mwanangu Yakomina,

Amani ya Bwana. Barua yako nimeisoma huku natokwa machozi. Kaka yangu ameacha mwanamke wa shoka. Usijisumbue na mambo ya uongo. Kuna uongo wa kubomoa na uongo wa kusitiri, na huu wako ni wa kusitiri. Mdomo wangu umefungwa kuliko hiyo bahari.

Habari za kampuni usizijali. Ni watu wema, wanapenda mazingira, wanataka kujenga hoteli ya wageni wastaarabu wanaotazama ndege na matumbawe. Nimewaambia neno ni la Obeth. Mimi ni nani? Mimi ni mdogo wa marehemu tu.

Jitunze, na ule chakula.

Baba yako mdogo,
Mesak


Yenmaru, 22 Juni 2009

Obeth,

Barua yako imefika ikiwa imelowa nusu, kwa hiyo nusu ya ujinga wako sijausoma. Hatujambo. Kibanda cha tatu nimekiezeka upya. Wiki iliyopita nilikuwa na mume na mke Wajerumani, watu wa ndege. Niliwaamsha mapema, nikawapandisha mlimani hadi kwenye mti wa ndege wa peponi. Madume yakacheza, yule mama akalia machozi. Mumewe akaniuliza kwa ishara kama nina dawa ya mbu. Watu hao!

Baba anakusalimu. Kikohozi kimetulia. Kuhusu mkondo, anasema Oktoba unageuka siku ya pili baada ya mwezi mpevu, asubuhi. Atakayeshuka upande wa bahari kuu jua likichomoza atabebwa taratibu kupita mlangoni, na ataibukia mbele ya gati letu bila kupiga hata teke. Amesema pia uandike, maana hatarudia.

Soma. Usihangaike na ya huku.

Dada yako,
Yakomina


Labuan Bajo, 2 Agosti 2009

Dada, na Baba,

Nasoma mpaka macho yanataka kutoka. Shinikizo, hewa, damu, dakika ngapi chini, dakika ngapi juu. Mwalimu wetu ni Mholanzi kijana. Jana aliuliza tunajuaje mkondo unakaribia kubadilika. Nikamwambia, kwetu tunatazama samaki wadogo wa njano wanapogeuza vichwa. Akaandika! Baba, umefundisha Uholanzi.

Nimemtumia Baba miwani ya kusomea kwa mkono wa baharia anayekwenda Sorong. Asiseme haoni Biblia. Lakini dada, mbona siku hizi Baba haongezi neno lake mwishoni? Zamani alikuwa anakunyang'anya kalamu aandike matusi mawili matatu. Barua bila tusi la Baba naiona kama sago bila samaki. Ananikasirikia? Au anaumwa mnanificha?

Obeth


Yenmaru, 30 Agosti 2009

Obeth,

Miwani imefika. Imemkaa vizuri. Ukitaka tusi, haya: Baba anasema, "Mwambie huyo mbuzi mikono yangu inatetemeka, na kalamu si kasia. Akitaka kutukanwa aje na cheti, nimtukane uso kwa uso." Umeridhika?

Hakuna anayeumwa. Kwa jina la Mungu, fanya mtihani wako.

Yakomina


Labuan Bajo, 26 Septemba 2009

Dada! Baba! Mama huko mbinguni!

NIMEPITA. Mholanzi kanishika mkono akaniita bwana kiongozi. Kapteni kaniandika ubaoni, Obeth, kiongozi wa mbizi, na wale mabaharia waliokuwa wananituma chai wamenuna mpaka raha.

Kuna zaidi. Kesho tunang'oa nanga, tunavuka na wageni kupitia Banda na kuja kwetu kutoka kusini, kabla ya kugusa Sorong. Kapteni kaniuliza, "Kwenu kuna nini cha kuonyesha?" Nikamwambia kuna mlango ambao mkondo unakubeba katikati ya samaki taa wakubwa kama meza ya harusi, na ukiibuka unaibukia kwa baba yangu. Kampigia simu Baba mdogo Mesak, maana ndiye anayeshughulikia vibali vya meli huko Waisai. Baba mdogo kasema hakuna tatizo, karibuni, Obeth ni mwenyeji, ajiamulie. Tutafika siku ya pili baada ya mwezi mpevu, jua likichomoza, kama Baba alivyosema.

Usimwambie. Nataka nimwone uso.

Pika sago ya kutosha. Nakuja na wageni wangu mwenyewe!

Obeth


Yenmaru, 4 Oktoba 2009

Mdogo wangu Obeth,

Mtihani bila shaka umekwisha, iwe umepita au umeanguka, na siwezi tena kukaa na jambo hili. Keti kwanza.

Baba amefariki. Alifariki tarehe tano mwezi wa Juni, alfajiri, kifua kilijaa. Hakuteseka sana. Tumemlaza kando ya Mama, kichwa kikielekea baharini kama alivyotaka. Kila nilichokuandikia kwa jina lake baada ya hapo nilikitunga mimi. Habari za mkondo nilizijua kwa sababu alikuwa akizirudia kila mwaka mezani. Miwani imo sandukuni kwangu.

Ni yeye aliyeniambia nikuache umalize. Ila sikatai, hata mimi nilitaka. Nikitazama vibanda nilikuwa nasema, huyu akirudi na cheti tumeokoka. Huku kijijini nimewaambia siku ya mazishi kwamba Baba mdogo alikupigia simu na wewe ulijua, naye hakukanusha. Hilo nitalisahihisha mwenyewe utakapofika, niko tayari kwa lolote.

Kitu kimoja kikubwa. Bahari imefungwa kwa msiba. Njoo kwa boti ya abiria kupitia Waisai, ushukie upande wa kanisa, usipite mbele ya nyumba. Utakuja kukata kamba Juni, wewe mwenyewe.

Lia ukinitukana, nitakusikia. Njoo tu.

Dada yako,
Yakomina


Sorong, 29 Oktoba 2009

Yakomina,

Barua yako ya tarehe nne nimekabidhiwa leo, hapa ofisini Sorong. Ilikwenda Labuan Bajo, ikanikosa, wameirudisha huku. Nimeisoma nimesimama. Wewe uliandika niketi.

Ngoja nikueleze ulichokiona kutoka gatini, maana wewe ulikuwa umesimama juu na mimi nilikuwa majini.

Kapteni aliuona mti kwa darubini. Akaniuliza, "Vipi, pamefungwa?" Nikatazama. Makuti, na kitambaa kilichochanikachanika kwa upepo. Nikasema hiyo ni sasi, marufuku ya kuvuna konokono na jongoo bahari tu, kutazama ruksa, wageni wanaipenda sana. Nikawahutubia! Nikawaambia jinsi watu wetu wanavyolinda bahari kwa imani. Wakapiga picha. Walipiga picha shati la Baba, Yakomina. Lile la mistari nililomnunulia mimi.

Tukashuka. Mkondo ulikuwa kama ulivyoandika, haujakosea hata kidogo. Tuliibukia mbele ya gati, nikaona watu wamejaa, nikasema leo Baba kaita kijiji kizima. Nikavua kinyago, nikapiga kelele, "Baba! Baba njoo uone, mwanao kaleta Ulaya nzima!" Wageni wakacheka, wakapunga mikono. Huku nimepita ndani ya bahari yake na watu kumi nyuma yangu wakipuliza mapovu.

Ndipo mzee Lamek akasema kwa sauti ya chini, hata hakukasirika, "Baba yako amekufa ukapigiwa simu hukuja kumzika. Leo umekuja kuogelea." Shangazi Batseba akanigeuzia mgongo. Mimi nikasema sijui, sikujua, jamani sikujua. Nikakutazama wewe. Ulikuwa umesimama pale na khanga mdomoni, ukatazama chini.

Ukatazama chini.

Hawakuniruhusu kukanyaga gati. Nimerudi melini na wageni wananiuliza kama ile ilikuwa ngoma ya kienyeji.

Wazee wameniletea ujumbe kwamba shauri litasemwa kanisani, Jumapili ya kwanza ya Desemba. Sheria unaijua: mwana akivunja bahari ya msiba ya baba yake, kamba inakwenda kwa ndugu wa marehemu. Yaani Mesak. Mesak aliyejua, aliyemwambia kapteni karibuni. Umeelewa sasa alinyamaza kwa nini siku ya mazishi?

Ningeweza kuja na barua zako nikazisoma mbele ya watu, lile tusi la Baba ulilolitunga likiwemo. Sitafanya. Sitaki isemwe kwamba watoto wa marehemu Korneles walivuana nguo kanisani. Nakuomba kitu kimoja tu, sikuombi kingine maisha yangu yote. Simama siku hiyo useme: hakujua, mimi ndiye niliyemficha. Maneno hayo tu. Ukisema, nitarudi nyumbani na haya mengine tutagombana jikoni kama ndugu wa kawaida.

Obeth


Yenmaru, 6 Novemba 2009

Obeth mdogo wangu,

Barua yako ya kusema unakuja ililetwa na boti ya kanisa siku moja baada ya ninyi kuondoka. Nilikaa nayo jikoni, nikaisoma pale ulipoandika nipike sago ya kutosha, nikalia mpaka jirani akadhani kuna msiba mwingine.

Unauliza kwa nini nilitazama chini. Niliogopa. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yangu. Sina la kujitetea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha kifo chenyewe.

Nitasimama. Naapa kwa kaburi la Baba na la Mama. Nitasema yote na la Mesak pia. Wakinitoza faini nitalipa, wakinifukuza kwaya nitaimba nyumbani. Wewe tulia huko, usije, nikikuona nitashindwa kuongea.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Yakomina


Waisai, 20 Novemba 2009

Mwanangu Yakomina,

Amani ya Bwana. Nimesikia unazunguka kwa wazee ukiuliza kama mtu anaweza kusema neno siku ile. Naandika kama baba, usinielewe vibaya.

Mimi sikumwambia kapteni bahari iko wazi. Nilimwambia Obeth ni mwenyeji, ajiamulie. Wewe ndiye uliyenitaka nifunge mdomo. Ningemwambiaje kwamba kuna msiba? Barua yako ya Juni ninayo.

Ukisimama, hutamsafisha Obeth, utajichafua wewe. Aliyemficha mwana kifo cha baba yake, halafu akawadanganya wazee kaburini, huyo adhabu yake siyo faini. Ni kuondoka kwenye nyumba ya marehemu. Vibanda vimesimama kwenye ardhi ya nani? Na wanao watatu, tangu baba yao alipotokomea Manokwari, wanakula wapi?

Ukikaa kimya, kampuni ina nafasi ya msimamizi wa nyumba za wageni. Nimekwisha kutaja jina lako. Mshahara kila mwezi, wageni wakiwepo au wasiwepo. Obeth ni mwanaume, ana cheti, dunia nzima ina bahari. Wewe una nini?

Fikiri kama mama.

Baba yako mdogo,
Mesak


Yenmaru, 9 Desemba 2009

Obeth,

Sikusimama.

Nakuandikia mimi kabla hujasikia kwa mwingine. Nilikwenda nimevaa nguo yangu nyeusi, nimekaa benchi la mbele makusudi ili nisiwe mbali. Mchungaji akauliza, "Kuna mwenye neno kwa ajili ya Obeth?" Akasubiri. Akauliza tena. Shangazi Batseba alinitazama mimi, nadhani alikuwa ananusa kitu. Mwanangu mdogo alikuwa amelala mapajani. Miguu ilikataa. Halafu Mchungaji akasema basi, na Mesak akainuka akaomba msamaha kwa niaba yako. Kwa niaba yako! Akalia kwa machozi. Watu wakamwonea huruma.

Kamba amepewa yeye.

Sasa sikiliza, kwa kuwa nimekwisha kuwa mbaya niseme na hili lililonikaa rohoni. Kila fito ya vibanda vile niliifunga mimi. Wewe ukiwa Sorong ukijifunza kuogelea na mitungi, mimi nilikuwa matopeni nakata minipa ya kuezekea, nachubuka viganja, nasafisha vyoo vya wageni, namwosha Baba mgongo. Na siku zote, hata Baba akiwa hai, bahari ilikuwa ya Obeth. Vibanda vya Obeth. "Obeth akirudi." Mimi nilikuwa nani hapa, mpishi? Ungerudi, ungeoa, mkeo angenielekeza mahali pa kuweka sufuria. Sikukuficha kifo kwa sababu ya hilo, naapa. Lakini pale benchini, miguu ilipokataa, ndilo lililokuwa kichwani.

Nimesema. Nitukane sasa.

Yakomina


Yenmaru, 14 Februari 2010

Obeth,

Hujajibu. Nimeuliza Sorong, wameniambia uko kwenye meli, u mzima, unaongoza wageni na unasifiwa. Nashukuru Mungu.

Kaburi nimelijengea ukingo. Nimeweka mawe meupe. Ukitaka picha yake, kuna mgeni ameahidi kuipiga na kunitumia.

Andika hata mstari mmoja.

Yakomina


Yenmaru, 12 Juni 2010

Mdogo wangu,

Jumamosi Mesak amekata kamba. Alikuja na mabwana wanne wa kampuni wamevaa maua shingoni. Aliushusha mti, shati la Baba likaangukia majini, hakuna aliyeliokota mpaka nilipoingia mwenyewe na nguo zangu. Wamevuna konokono siku mbili. Walinipa fungu la kwanza kwa heshima ya marehemu. Nilikula, Obeth. Watoto walikuwa na njaa na mimi nilikula.

Vibanda vyetu wamevibomoa jana, wanasema choo kiko karibu mno na matumbawe. Nitapewa chumba nyuma ya jiko la hoteli. Nimepewa fulana yenye jina langu kifuani, wameandika Mina, wanasema Yakomina ni refu kwa wageni. Na rasi wameipa jina jingine la Kiingereza ambalo mimi siwezi kulitamka. Juzi Mesak amewauzia na ule mti wa ndege wa peponi, sasa nikitaka kupanda kule lazima niombe.

Ulikuwa na haki katika kila neno. Mesak alinitumia kama kasia, na nilijua ananitumia, nikakaa benchini. Kesho nakwenda kwa mzee Lamek kumwambia ukweli. Najua nimechelewa, kamba ikikatwa imekatwa, lakini angalau jina lako lirudi. Nimekwisha kumwambia shangazi Batseba. Unajua alisema nini? "Leo ndiyo unasema, hoteli ilipokuvunjia vibanda? Nenda zako, usimtumie mdogo wako kulipizia kisasi." Hawaniamini, Obeth. Ndiyo kwanza nasema kweli na hawaniamini.

Kwa hiyo nakuomba: zilete zile barua zangu. Njoo uzisome kanisani, zote, na lile tusi. Nivue nguo. Mimi mwenyewe nakuomba. Njoo tumlilie Baba pamoja, hatujamlilia bado mimi na wewe.

Dada yako,
Yakomina


Labuan Bajo, 3 Julai 2010

Kwako Bi Yakomina,

Salamu. Barua zako zote nimezipata, hii ya mwisho imenifikia jana. Zile za mwaka jana ulizoziulizia sinazo tena. Nilizitupa baharini tulipokuwa tunavuka Banda, Desemba, siku niliyosikia hukusimama. Nilidhani hakuna atakayezihitaji.

Nimeelewa kutokana na barua yako kwamba umefiwa na baba yako. Pole sana kwa msiba. Mungu amlaze mahali pema, na akupe nguvu wewe na watoto.

Obeth Rumsawir,
Kiongozi wa mbizi